Shajara ya shamba la maharage: kuhesabu kwanza, bomba baadaye

16 Machi

Msimu uliopita hatukuandika kitu, na tulipokaa kikao cha mwisho kila mmoja alikuja na kumbukumbu yake. Mwenyekiti alisema tulipiga dawa mara nne, mimi nikakumbuka sita, mama mdogo akaapa kwamba yeye peke yake alibeba bomba mara tano. Safari hii nimenunua daftari kubwa na nitaandika kila siku tunayoingia shambani. Mimi ni katibu wa kikundi. Tuko watu kumi na mmoja, na shamba letu ni robo eka chini ya Kibosho, mkoani Kilimanjaro, pale migomba inapoanza kupungua na mahindi na maharage yanapochukua nafasi.

Kilichotufikisha hapa nakieleza mara moja ili nisikirudie. Mwaka jana vidukari weusi, ambao wengi wetu tunawaita wadudu mafuta, walivamia maharage wiki ya nne. Duka moja la pembejeo lilitupimia dawa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina lebo wala jina, na maelezo yakawa ya mdomo: pigeni kila Jumatatu. Tukapiga. Vidukari walianguka kila Jumatatu, na ikifika Ijumaa wamerudi. Mwisho wa yote tulipata gunia moja tu. Bwana shamba wa kata alipopita tukamlalamikia. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mlipowaua vidukari, mliua na nani mwingine?" Hakuna aliyejua. Hatukuwa tumeangalia.

Swali lile ndilo lililozaa mradi huu. Tumegawa shamba vipande vitatu vinavyolingana. Cha kwanza kitapigwa dawa ya dukani kila wiki kama tulivyozoea. Cha pili kitapigwa maji ya utupa, kichaka ambacho majani yake yanaua wadudu, na hayo pia mpaka hesabu yetu iseme. Cha tatu hatutakipiga chochote. Kila baada ya siku chache tunakagua miche ishirini kwenye kila kipande, tukitembea kwa kupindapinda ili tusichague miche mizuri, na tunaandika nani yuko: anayekula maharage, na anayemla huyo.

22 Machi

Mvua imenyesha vizuri mara tatu, tumepanda. Mbegu ni Lyamungo 90, sentimita 50 kati ya mistari na 20 kati ya mashimo, mbegu mbili kila shimo.

Naandika pia habari ya ukingo kwa sababu naona utakuja kuwa na maana. Upande wa mashariki kuna mstari wa masale unaotutenganisha na jirani yetu, Meku, na chini ya masale kumeota kishona nguo, alizeti mwitu na vichaka vya utupa ambavyo bibi zetu walipanda kufukuza fuko. Pameachwa hivyo miaka mingi. Upande wa magharibi ni njia ya watu, imefyekwa hadi udongo unaonekana. Kwa hiyo shamba letu lina upande wenye nyasi na maua, na upande mtupu.

31 Machi (siku ya 9)

Maharage yameota sawasawa, na wageni wa kwanza wamefika. Ni mbawakawa wanaong'aa, ukubwa wa mbegu ya papai, wengine rangi ya chungwa iliyokolea, wengine weusi. Wanatoboa majani mpaka yanabaki kama chujio. Bwana shamba anasema hawa hawakutoka mbali: walikuwa humu humu ardhini kiangazi chote, wakasubiri mvua kama sisi. Wazazi wanakula majani, na watoto wao watakula mizizi chini ya udongo, mahali ambapo hatuwaoni. Ndiyo maana kupanda maharage juu ya maharage kila mwaka ni kuwapikia.

Tumewaokota kwa mkono saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kungali na baridi na wao wakiwa wazito. Kopo moja la maji ya sabuni limejaa nusu. Kipande cha kwanza kimepigwa dawa leo. Safari hii chupa imefungwa, ina lebo ya Kiswahili na namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ile yenye makao yake Ngaramtoni. Utepe wa lebo ni wa njano. Kaka yake mwenyekiti, ambaye ndiye mpigaji wetu, hakuwa anajua kwamba ule utepe unasema kitu: nyekundu ndiyo sumu kali kuliko zote, kisha njano, bluu, na kijani mwisho. Kavaa buti, glavu na barakoa, na shati la mikono mirefu tuliloliweka kwa kazi hiyo tu.

8 Aprili (siku ya 17)

Siku mbaya. Miche inanyauka mmoja mmoja, majani yanakuwa njano, na ukiigusa inalala. Mwanzoni tulidhani ni maji, kwa sababu mvua imepiga sana. Binti yangu, yuko darasa la sita na macho yake ni makali kuliko yangu, akanionyesha kwamba shina limevimba na kupasuka usawa wa udongo. Tuling'oa mche mmoja nikaupasua kwa wembe kwa urefu. Ndani, chini ya ganda la shina, kulikuwa na vijifereji vya kahawia, na mwisho wa vijifereji wamekaa vitu vitatu vidogo mfano wa punje za ufuta, vyeusi, vinang'aa. Ni pupa wa inzi wa maharage. Mama yao ni inzi mweusi mdogo mno, anataga kwenye majani machanga, na buu anachimba kupitia kikonyo mpaka chini ya shina. Ukiona mche unanyauka, yeye keshamaliza.

Miche iliyokufa: kipande cha kwanza 19, cha pili 23, cha tatu 22. Nimeandika kwa herufi kubwa kwenye daftari kwamba dawa ya kila wiki haikuleta tofauti ya maana hapa, na mdudu rafiki yeyote, yaani anayekula wadudu waharibifu, hakuja kutusaidia pia. Nataka mtu akisoma asidhani kila adui ana askari wake anayemsubiri ukingoni.

Kilichosaidia ni jembe. Tumepandishia udongo kwenye mashina ya mistari yote, ukafunika kidonda, na bwana shamba anasema mche ambao haujafa utatoa mizizi mipya juu ya pale palipoharibika. Mgongo unauma.

15 Aprili

Mizizi mipya imetoka. Nilifukua mche mmoja kuhakikisha: myeupe, kama nywele, inatoka juu ya ule uvimbe. Mche uleule uliokuwa umelala wiki iliyopita umesimama. Mvua bado inanyesha kila alasiri.

21 Aprili (siku ya 30)

Mvua imekatika siku sita sasa na jua ni kali. Vidukari wamekuja.

Kwa kukagua leo, kati ya miche ishirini: kipande cha kwanza wako kwenye miwili, cha pili kwenye mitano, cha tatu kwenye sita. Mche wenye vidukari si wa kutafuta. Ncha changa imevaa soksi nyeusi, majani yamejikunja, na ukipitisha kidole chini ya jani unanata kwa ule utomvu mtamu wanaoutoa. Sisimizi wanapanda na kushuka shina kama watu wa gulioni. Binti alichuchumaa kwenye mche mmoja karibu nusu saa. Akaniita: "Mama, huyu sisimizi anamng'ata mdudu kibibi mguu." Kweli, alikuwa anamfukuza. Sisimizi wanakula ule utamu, kwa hiyo wanawalinda vidukari kama mtu anavyolinda ng'ombe wake wa maziwa.

Kanuni tuliyokubaliana na bwana shamba ilikuwa hivi: wakifika mche mmoja kati ya mitano, na hatuoni adui zao, tunapiga utupa kwenye kipande cha pili. Tumefika mmoja kati ya minne. Adui zao tumewaona wachache: kibibi wanne tu. Tunapiga.

22 Aprili

Utupa. Naandika kipimo kwa sababu mwaka jana kila mtu alikuwa na chake. Majani tuliyachuma Machi, tukayakausha kivulini, tukayatwanga kwenye kinu ambacho sasa hakitarudi jikoni. Kilo moja ya unga kwa lita kumi za maji, pamoja na sabuni kidogo ya kipande iliyokwanguliwa ili maji yashike kwenye majani. Imelala usiku mzima kwenye ndoo yenye mfuniko. Leo jioni tumechuja kwa kitambaa mara mbili (mara moja haitoshi, pua ya bomba inaziba) na tumepiga jua likiwa limeshuka, maana jua linaivunja nguvu haraka.

Mtu asije akasema ni majani tu kwa hiyo haina madhara. Utupa ndio huo huo wazee waliotumia kuvulia samaki, waliutwanga wakautia majini samaki wakaelea. Tumeoshea bomba shambani, mbali na mfongo, yaani mfereji wetu wa maji, na mabaki tumeyamwaga kwenye shimo. Aliyepiga kavaa vilevile kama wa dawa ya dukani.

Watafiti wa Chuo cha Nelson Mandela kule Tengeru walishayajaribu maji ya utupa na ya magugu mengine kwenye maharage ya huku kaskazini. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2015 yalionyesha mavuno yanayokaribiana na ya dawa ya dukani, na wadudu rafiki wakabaki wengi zaidi. Bwana shamba ndiye aliyetuambia, na hilo ndilo lililotupa moyo wa kuthubutu. Lakini nilitaka niione kwa macho yangu kwenye udongo wetu.

25 Aprili (siku ya 34)

Leo tumegombana, na nashukuru tuligombana.

Nilimkuta mama mdogo kwenye kipande cha tatu anafinya wadudu kwa kidole gumba na cha shahada, mmoja baada ya mwingine, haraka, kama mtu anayechambua mchele. "Katibu, kuna wapya wameingia, wabaya hawa, tazama walivyo." Kiganjani kwake alikuwa na kidudu cheusi cha kijivu kirefu kama punje ya mchele, miguu sita, mgongo una mabaka ya rangi ya chungwa na vijimiba. Kinatembea kama mamba mdogo. Ni kweli kinatisha. Nikamwambia, "Mama mdogo, huyu ni mtoto wa kibibi." Akanitazama kama nimemtukana. Kibibi ni yule mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi, mzuri, watoto wanamchezea mkononi. Huyu afanane naye wapi? Akasema nimesoma sana kwenye simu.

Sikubishana. Nilichukua kopo la jamu, nikaweka ncha ya mharage yenye vidukari thelathini niliowahesabu mbele yake, nikamtia yule mamba mmoja, nikafunga kitambaa juu. Kopo likakaa dirishani kwake, si kwangu.

26 Aprili

Mama mdogo kaja saa moja asubuhi na kopo mkononi, kabla sijawasha moto. Vidukari wamebaki watano. Wengine ni maganda matupu yamelala chini. Aliketi kwenye kigoda akanyamaza muda, kisha akasema: "Jana niliwaua kama arobaini." Na mwaka jana? Na mwaka juzi? Sikuwa na la kumjibu. Nilimpa chai.

Mchana ule yeye ndiye aliyewazungusha wenzetu wote shambani. Amewaonyesha mayai pia: ya njano, yamesimama wima kwa makundi chini ya jani, karibu na vidukari. Amewaonyesha na yule asiyekuwa rafiki, kwa sababu kwenye maboga ya ukingoni tuna kibibi wa aina nyingine, mwenye madoa mengi, hana mng'ao, mgongo una vinyweleo. Huyo anakula majani ya boga mpaka yanabaki mishipa. Anayeng'aa mwache, mwenye vinyweleo muulize anakula nini: ndivyo anavyowafundisha, na mimi nimeandika kama alivyosema.

29 Aprili (siku ya 38)

Maua ya kwanza ya maharage. Hesabu ya vidukari: cha kwanza mche 1 kati ya 20, cha pili 3, cha tatu 9. Kipande cha tatu kinaumiza moyo kukitazama. Miche miwili ina majani ya batobato, na bwana shamba anasema vidukari huuhamisha ugonjwa huo kutoka mche hadi mche, kwa hiyo tumeing'oa. Baadhi yetu walitaka tukipige na chenyewe. Tulipiga kura, tukakubali kusubiri kwa kura sita kwa tano.

Kilichonipa mimi nguvu ya kupiga kura ya kusubiri ni hiki. Kati ya vidukari weusi kwenye kipande cha tatu, wapo waliobadilika. Wamevimba wakawa duara, rangi imekuwa ya shaba, ngozi kavu kama karatasi, hawasogei. Ukiwagusa na ncha ya kijiti hawatembei. Nimehesabu 61 kwenye miche ishirini. Kwenye kipande cha pili 27. Kwenye kipande cha kwanza sikumpata hata mmoja. Nimekata jani lenye wanane nikalitia kwenye kopo.

Kuna pia mabuu yasiyo na miguu, ya kijani yenye mstari mweupe, yanayoinua kichwa na kushika kidukari na kumnyonya mpaka anabaki ganda. Hao ni watoto wa wale nzi wenye mistari ya njano kama nyigu, wanaoelea hewani mbele ya ua bila kutua. Nzi mkubwa hali vidukari, anakula maua. Nimewaona wengi kwenye kishona nguo chini ya masale. Upande wa njia hakuna ua, na sijamwona hata mmoja.

2 Mei

Meku kafyeka ukingo.

Alifanya kwa wema. Aliona tumelemewa, akaamka alfajiri na fyekeo lake akasafisha mstari wote wa mashariki, upande wake na wetu, akabakiza masale tu. Nilipofika alikuwa anapumzika. Nilimwamkia, "Shikamoo Meku." "Marahaba mwanangu. Nimewatoa aibu, palikuwa pori." Nilimshukuru, kwa sababu mtu wa umri ule kainama saa tatu kwa ajili yako huwezi kumwambia vinginevyo. Nilimaliza salamu, nikaenda kusimama nyuma ya mahindi nikalia kidogo.

Nitamweleza, lakini si leo. Ni kosa letu, sisi ndio tuliokaa kimya kuhusu ule ukingo. Yeye anajua jambo moja alilofundishwa tangu ujana, kwamba shamba safi ndilo shamba.

3 Mei (siku ya 42)

Kwenye kopo la jani lenye wanane wa shaba: wametoka wanne.

Nilibahatika kumwona mmoja akitoka. Nilikuwa nimeliweka kopo mezani karibu na taa, na lenzi ya kusomea ya marehemu baba. Kwenye mgongo wa kidukari mkavu pakatokea alama ya duara, kana kwamba mtu anakata kwa kopasi kutoka ndani. Duara ikafunguka kama mfuniko, bado imeshika upande mmoja. Kikatoka kichwa chenye vipapasio viwili virefu vinavyotetemeka. Akajivuta, akatoka mzima, mweusi, kiuno chembamba, mdogo kuliko sisimizi wa sukari. Akasimama juu ya lile kaka lake akijipangusa mabawa. Ni nyigu, lakini hana haja na mtu. Mama yake alimchoma kidukari akaweka yai moja ndani, mtoto akamla kwa ndani polepole, na sasa naye atatafuta vidukari wake. Binti alihesabu mashimo manne, yote ya duara kamili.

Nilikaa pale mpaka saa tano usiku. Nilikumbuka habari ya mihogo. Miaka ya 1970 kidung'ata wa mihogo aliingia Afrika kutoka Amerika Kusini na kuacha mashamba yamesinyaa nchi baada ya nchi. Mswisi Hans Rudolf Herren na wenzake kule Ibadan, Nigeria, walipata nyigu kama huyu, aliyetolewa Paraguay, wakaanza kumwachia mwaka 1981. Kadudu kasikoonekana vizuri kwa macho kakaokoa chakula cha mamilioni ya watu, na Herren akapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Huyu wa mezani kwangu hakuletwa na mtu. Alikuwa hapa hapa, na mwaka jana tulimpiga kila Jumatatu.

9 Mei (siku ya 48)

Hesabu ya leo naiweka kamili. Miche yenye vidukari kati ya ishirini: kipande cha kwanza 8, cha pili 3, cha tatu 4.

Kipande cha kwanza kimeruka kutoka mmoja hadi wanane. Wiki iliyopita mvua ilimzuia mpigaji, akachelewa siku nne, na siku nne zikatosha. Kidukari jike hahitaji dume, anazaa watoto hai, na kukiwa na joto wale watoto nao wanazaa kama baada ya wiki. Kibibi anahitaji wiki tatu au zaidi kutoka yai hadi mkubwa, yule nyigu kama wiki mbili. Kwa hiyo mkiwaua wote siku moja, wa kwanza kujaa tena ni kidukari, na anakuta nyumba haina askari. Hili ndilo lililokuwa likitupata kila Ijumaa.

Kipande cha tatu kimeshuka kutoka tisa hadi wanne bila sisi kugusa. Ila mistari mitatu iliyo karibu na ukingo uliofyekwa, nzi wa mistari wamepotea kabisa. Kibibi bado wapo.

Leo nimemweleza Meku. Nilimpelekea kopo na lenzi. Alitazama muda mrefu, akafuta jicho, akatazama tena. Akauliza, "Na hawa walikuwa wanakaa kwenye yale majani yangu?" Nikamwambia walikuwa wanakula kwenye yale maua, Meku. Hakusema kitu kingine.

20 Mei (siku ya 59)

Viwavi kwenye maganda. Tundu la duara ubavuni mwa ganda, kinyesi kibichi mlangoni, ndani punje zimeliwa nusu. Wapo kwenye vipande vyote. Tumewatoa kwa mkono siku mbili, cha pili tumekipiga utupa mara ya pili, jioni, nyuki wakiwa wamerudi kwenye mizinga yao. Rafiki tuliyemwona hapa ni nyigu mkubwa mwekundu aliyekuwa akibeba kiwavi kizima hewani, na buibui. Hawakutosha.

Dawa ya kipande cha kwanza imesimama, lebo inataka siku za kusubiri kabla ya kuvuna na wengine tunachuma mabichi ya mboga.

14 Juni (siku ya 84)

Tumevuna, tumekausha kwenye maturubai, tumepura, tumepima kwa mizani ileile. Kipande cha kwanza kilo 52. Cha pili kilo 50. Cha tatu kilo 37.

Dawa ya kipande cha kwanza ilitugharimu shilingi 21,000. Cha pili tulinunua sabuni ya shilingi 1,500, mengine ni kazi yetu ya kuchuma na kutwanga, ambayo si ndogo. Cha tatu hatukulipa kitu, na pengo la kilo kumi na tano tumeliona. Kusubiri peke yake hakukutosha. Kidukari alikuwa ameshafyonza ncha changa kabla maaskari hawajafika, na yale maua ya kwanza hayakurudi.

Vipande viko jirani mno, upepo unapeperusha dawa na kibibi anatembea apendako, na huu ni msimu mmoja. Lakini zile kilo mbili kati ya cha kwanza na cha pili hazinisumbui hata kidogo. Kipande cha pili tulikipiga mara mbili, cha kwanza karibu kila wiki.

21 Juni

Kikao. Tumekubaliana maharage ya vuli yaende upande wa pili na hapa tupande mahindi, kwa sababu ya wale mbawakawa waliolala ardhini. Kupandishia udongo kutafanyika siku ya 14 bila kusubiri mche unyauke. Kipande cha dawa ya kila wiki hakitakuwepo. Mwenyekiti alipendekeza kibaki kwa ajili ya kulinganisha, na hoja yake ni nzuri, lakini mpigaji mwenyewe amekataa.

Wenzetu wa nyanya wa upande wa Kahe wametualika tukawaonyeshe namna ya kukagua. Wao vita yao ni kantangaze, tangu alipoonekana nchini mwaka 2014 kule Arumeru. Kantangaze anajificha ndani ya jani na ndani ya tunda, na alikuja kutoka Amerika Kusini bila kufuatwa na adui zake wa huko. Sitawaahidi kwamba yaliyotokea kwenye maharage yatatokea kwao. Nitakwenda na makopo matupu na lenzi, na mama mdogo.

Meku alifika kikao kikiwa kinaisha. Hakuketi. Alifungua kitambaa akamimina mezani mbegu za utupa alizozichuma kwenye mti mmoja uliosalimika nyuma ya banda lake la mbuzi. Kasema upande wake wa masale atatuachia hatua mbili, asifyeke mpaka maharage yawe yamevunwa, ila kishona nguo kisivuke hatua hizo kwa sababu mbuzi wanakirudisha nyumbani kwenye manyoya. Tumekubali. Nimeandika kwenye daftari: mbegu za utupa konzi mbili, zipandwe upande wa magharibi pamoja na giligilani, mvua za vuli zikianza.